Daftari Msibani

Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ulikuwa kesho kutwa, na Siwema alikuwa bado amekaa mkekani katika msiba wa mama yake, daftari kalificha ndani ya kanga. Aliona haya kusoma mbele ya waombolezaji.

Bi Chausiku, mtani wa ukoo, hakuwa na haya. Alilichomoa daftari akalipunga juu.

“Jamani, mtazameni! Mama kazikwa juzi, yeye kafumbata daftari kama kuku wa wizi!”

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walicheka. Siwema aliinamisha kichwa.

“Haya, tujibu basi,” Bi Chausiku akasema, akifunua ukurasa. “ Mtu mzima ana mifupa mingapi?”

“Mia mbili na sita,” alinong'ona.

“Yote hiyo! Na marehemu mchoyo yule, kwenye mchuzi wake sikuwahi kupata hata mmoja!”

Siwema akacheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Akajibu swali la pili, na la tatu, sauti ikipanda.

Mama mkubwa, ambaye Siwema alimwogopa kuliko wote, alisogeza ungo kando akalichukua daftari. Hakujua kusoma. Aliweka kidole katikati ya ukurasa.

“Na hapa, mwanangu?” akauliza, akatega sikio.