Jiko la Tamathali
Tangu kozi ya Kiingereza iwe lazima kwa kila kaya, nyumba yetu, inayojiendesha kwa kompyuta, haiwashi jiko mpaka nitaje kwa Kiingereza tamathali ya usemi iliyosemwa ndani. Na mama mkwe wangu hajui kuomba chakula kwa maneno ya kawaida.

"Jua limeshazeeka, chai sijaiona," alisema asubuhi.

"Pasonifikesheni, jua kalifanya mtu," nikaiambia nyumba, nikarudia mpaka ulimi ukauma.

Mchana akaanza tena. "Nyamizi, mie njaa imeshaniua."

"Haiperboli, anatia chumvi tu," nikasema. "Mama, kwani huwezi kusema una njaa?"

Jioni alishika kifua, akaporomoka kitini. "Mwanangu, nakufa."

Nikaiamuru nyumba iite gari la wagonjwa.

"Haiperboli," ikajibu kwa upole, kama nilivyoifundisha, na jiko likawaka.