Tiketi ya Semeni

Enzi hizo serikali ilijua siku ya kufa ya kila mtu. Kuitaja kulikatazwa, ila hakuna ofisi iliyomkatia mtu tiketi ya kupita siku yake.

Nakiete alikwenda kukata tiketi za bustani ya michezo, za Desemba. Alitaka siku nne nzima, wanawe wapande bembea na treni ndogo bila kukimbizwa. Yake ilikubaliwa, ya mumewe pia, na ya Kunda wa miaka sita. Ya Semeni, wa miaka mitatu, ikakataliwa.

“Jaribu mwezi mwingine, mama,” karani alisema bila kumtazama.

Novemba ikakataa. Oktoba ikakataa. Septemba ikakubali.

Jioni mumewe akashangaa. “Septemba? Shule hazijafungwa, mama Kunda.”

“Desemba watu hujaa mno.”

“Haya. Semeni nimemnunulia viatu vya safari. Vinampwaya kidogo, lakini atavivaa hadi mwakani.”

Semeni akaja akiviburuta. Nakiete akapiga magoti kumfunga kamba, akazifunga na kuzifungua, asiweze kuinua uso.