Kiota Katika Matete

Mwaka ule wa Uhuru, kila asubuhi, Taaka alikwenda kumtazama korongo mwenye taji akiatamia mayai kwenye matete, pembeni mwa malisho ya baba yake huko Nabuyoga. Siku hiyo alikuta matete yanawaka, na kaka yake amesimama na mwenge mkononi.

"Ng'ombe wanataka majani mapya, dada. Huyo ni ndege tu."

Korongo hakuruka. Taji lake lilishika moto, naye akabaki juu ya mayai.

Taaka alimpokonya kaka yake mwenge, akaelekea kwenye nyumba ya nyasi ya kaka huyo. Cheche zilimuunguza kiganja, lakini hakuuachia.

"Taaka! Mke wangu amelala ndani!"

"Basi mwite atoke," akajibu bila kugeuka.