Mwanafunzi Mkaidi wa Mwalimu Eliwaza

Mkono wa kulia ulifika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukaanguka mapajani kama mzigo uliokatika kamba.

"Sio hivyo!" simu ikafoka. "Baba Loth, umeuachia mwenyewe. Nimekuona."

Hezroni aliiweka sawa simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya uji. Kioo chote kilijaa Mwalimu Eliwaza, miwani imelala upande, nyuma yake ukuta mweupe. Alikuwa amestaafu zamani, lakini kule kijijini Myamba wanaume wenye wajukuu bado walificha sigara wakimwona anapita.

"Mtandao, Mwalimu. Sijasikia vizuri. Rudia."

"Nime... sema..." Mwalimu aliyavuta maneno, akayakusanya. "Inua kuanzia begani. Sio kiwikoni."

"Hapo nimesikia."

"Usimwachie, Mwalimu," ikasema sauti ya Agatha, binti aliyekuwa ameshika simu upande wa pili. "Mbane hivyo hivyo."

Siku ya kwanza Agatha alimwambia Hezroni bila kuzunguka. Wiki hizi za mwanzo ndizo zenyewe. Mkono usiposumbuliwa sasa utalala moja kwa moja, na ulimi nao vilevile.

Tangu hapo Hezroni hakuwa na raha. Yeye ni mtu wa njia. Aliuza tangawizi kutoka milimani mpaka Ndungu kwa miguu, akalala Korogwe, akaamkia Tanga, nyumbani akipita kubadilisha shati tu. Sasa asubuhi na jioni amefungwa kwenye kiti cha plastiki, kitenge kimetundikwa nyuma yake, na miguu inamwasha. Kabla simu haijaita alikuwa akikaa, akiinuka, akizunguka kiti, akikaa tena.

"Unatoka jasho," alisema Mwalimu. "Na baridi yote hiyo ya Myamba?"

"Ni mazoezi."

Mahali fulani lori likapiga honi. Hezroni akakohoa kwa nguvu mpaka ikapita.

"Na hicho kifua?"

"Vumbi."

"Haya. Tena."

Safari hii mkono haukufika hata tumboni. Mwalimu alitikisa kichwa. Akaeleza bega, akaeleza kiwiko, neno moja likamponyoka, akarudi kulitafuta mpaka akalipata. Hezroni alimsikiliza akiwa amekodoa macho, kama mtoto wa mbele darasani. Kisha akainua vibaya kuliko mwanzo.

"Unanifanyia makusudi?"

"Nimechoka, Mwalimu. Basi. Acha ukauke."

"Nini?"

"Ukauke tu. Nina mwingine. Wa kushoto unatosha kushika fimbo."

Hezroni akadhani simu imekatika kweli. Akainama karibu na kioo.

"Nani kakupa ruhusa ya kuchoka?" Mwalimu alilipuka. "Eti fimbo! Kiharusi kimekupiga mkono, hakikukupiga akili! Mtoto wa darasa la kwanza anaweza hiki kitu. Tazama huku. Tazama!"

Akainua mkono wake kumwonyesha, kama alivyouinua Jumapili zote zile mbele ya kwaya, kabla wimbo haujaanza. Bega likatangulia. Kiwiko kikafuata. Kiganja kikapita sikio, kikapita miwani, kikasimama juu hewani, vidole vimefunguka.

Picha ikayumba, kama aliyeshika simu ameshtuka.

"Hivyo," Mwalimu alisema, neno limenyooka kabisa. "Umeona?"

Hezroni alijifuta shavu kwa mkono wa kushoto.

"Nimeona."

"Sasa unalia nini, mzee mzima? Kesho na wewe utaweza."

"Kesho nitaweza, Mwalimu."

Simu ikakatwa. Hezroni alifuta macho kwa kiganja cha kulia. Kwa mkono huohuo akakichomoa kitenge kwenye uzio wa hospitali, kiti akakitupia begani, akakwapua chupa ya uji. Akalizunguka jengo la kufulia karibu anakimbia, mpaka mlango wa wodi ya wanawake. Agatha alikwisha kutoka, koti lake jeupe limefunguka vifungo, macho mekundu.

"Mzee, mimi nikimwambia Mwalimu ainue, anageukia ukutani."

"Yule hafundishwi, binti yangu. Yule anafundisha." Hezroni alichungulia dirishani mara moja, akajibanza upesi ukutani asionekane. Akamkabidhi chupa. "Mwambie ni watu wa usharika wameleta, kama jana. Na leo, kikombe mpe Mama Loth kwenye mkono wa kulia."