Chungwa Lililosimama

Shekue alijigamba mtaa mzima kwamba dunia inazunguka na mdomo wake hautasema vingine kamwe. Hata baba yake, aliyeshikilia hadi kufa kwamba dunia imesimama tuli, hakumweza.

Jioni ya arubaini ya mzee, umeme ulikatika, wakawasha taa ya chemli. Mjomba Mwinchande akacheka. "Shemeji yangu naye! Hoja yake ya dunia kusimama haikuwa na kichwa wala miguu."

"Miguu ilikuwa nayo," Shekue akaropoka. Akaweka chungwa mkekani. "Mjomba, wewe ni sisimizi, umekaa hapa juu. Nikilizungusha chungwa, unaona mchana na usiku. Nikiliacha, nikazungusha taa, unaona yaleyale. Utajuaje nani anatembea?"

"Sisimizi mwenyewe hajasoma!"

Shekue hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, anaizungusha chemli polepole kama alivyozungushiwa na mzee utotoni, akiguna "ehee" ileile ya baba yake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Shekue mwanangu," akasema, "hayo ungemwambia mwenyewe alipokuwa hai, si angekuchinjia jogoo?"

Taa iliendelea kuzunguka mkononi mwa Shekue, na kivuli cha chungwa kikatambaa mkekani hadi kwenye kiti cha mzee.