Wanaobaki Baada ya Kengele

Kidole cha Mwaija kilisimama chini ya neno "ng'ombe" na hakikusogea tena.

"Nnn…" Midomo ikamtetemeka. "Sijui, mwalimu."

Mwalimu Hosiana alifumba macho. Jana neno hilohilo lilimshinda mtoto huyu. Juzi pia. Mwaija alikuwa darasa la tatu, mwepesi wa kuimba na kucheza, lakini akiwekewa kitabu mbele anakuwa kama aliyefungwa mdomo.

Huu ulikuwa mwaka wa kwanza wa Hosiana kazini, katika shule ya kijiji huku Kwedizinga. Chuoni Korogwe alisoma saikolojia ya ujifunzaji na kuipenda kuliko masomo yote. Aliamini hakuna mtoto asiyefundishika. Akaanza na lile walilofundishwa kwanza kabisa: tendo linalopewa tuzo hurudiwa. Kila aliyesoma sentensi alipigiwa makofi na darasa zima. Mwaija hakupigiwa hata siku moja.

Akajaribu vitu vya kushikika. Alileta mhogo wenyewe, jembe lenyewe, na kadi zenye majina ya vitu hivyo. Mwaija alivitaja vitu vyote. Kadi zikamshinda.

Halafu kulikuwa na njaa. Mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Watoto walikuja shule tumbo tupu, wengine wakilala juu ya madawati. Mwenye njaa hajifunzi. Na hilo pia alilisoma chuoni. Unga wake haukuweza kutosha darasa zima, hivyo aliwabakiza baada ya kengele wale tu walioshindwa kusoma. Aliwapikia uji kwanza, ndipo wakafungua vitabu.

Alimkalisha Rukaya, msomaji bora wa darasa, dawati moja na Mwaija, kwa kuwa mtoto hujifunza upesi kwa mwenzake anayemzidi kidogo. Haukupita muda, Rukaya naye akaanza kukwama. Akafuata Jabiri, ambaye mwanzoni mwa mwaka alisoma mpaka maandishi ya kwenye magunia ya mbolea. Wakafuata wengine. Kila wiki waliobaki baada ya kengele waliongezeka, na sufuria ya Hosiana ikaonekana ndogo.

Mwalimu mkuu, Mwinjuma, alimwita ofisini.

"Mwalimu Hosiana, watoto hawa ulipewa wakiwa wanajua kusoma. Unawafundisha nini?"

"Najitahidi, mwalimu mkuu."

"Muhula ukiisha, wasiojua wanarudi darasa la kwanza. Na wewe nitaomba uondolewe hapa."

Hosiana alitoka akaenda nyuma ya stoo, akalia huku ameuma kitenge asisikike. Alijaribu kila alichofundishwa, na kila alichojaribu kiliharibu zaidi. Mtoto mmoja asiyejua angeweza kumwelewa. Lakini wanaosahau? Alianza kujiona yeye ndiye ugonjwa.

Jumamosi alikwenda kwa mama yake Rukaya, Bi Maryamu. Alitaka kumwomba radhi, kisha Jumatatu aandike barua ya kuacha kazi kabla hajafukuzwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwalimu! Pita ukae." Bi Maryamu alimfutia kigoda kwa upande wa khanga. "Huyo Rukaya wako yuko nyuma ya nyumba na wenzake. Tangu asubuhi wanacheza shule."

"Ndiye aliyenileta, mama. Ngoja kwanza nimwone."

Alizunguka nyumba polepole, akitafuta maneno. Alipofika kwenye banda la mbuzi akasikia sauti inasoma. Sauti iliteleza juu ya maneno bila kusita, ikipumzika penye nukta, ikipanda penye swali. Hosiana alichungulia.

Watoto wa sufuria yake walikaa chini kwa mstari. Mbele yao alisimama Mwaija na kitabu mkononi. Alifika mwisho wa ukurasa, akarudi juu.

"Mmesikia hadithi ilivyo. Sasa, mkifika hapa kwenye 'mkulima', mnakwama. Niangalieni."

Akalikodolea macho neno lile, akameza mate, akanyamaza mpaka machozi yakamlengalenga. Wenzake wakamwiga.

"Jabiri ameweza! Mpigieni makofi."

"Nikijisahau nikalisoma?" Jabiri aliuliza.

"Utaondoka kengele ikilia, pamoja na wanaojua. Kwenu leo wamepika?"

"Hawajapika." Jabiri akalikodolea neno macho upya.

Ikawa zamu ya Rukaya. Alishika kitabu, akakwama, akatikisa kichwa. Mwaija akamsogelea, akamwekea mkono begani kwa upole.

"Umejitahidi. Ila macho yako yameshalisoma, Rukaya, na mwalimu ataona. Rudia taratibu."