Uzi Ndani ya Supu

Nashipae alirudisha kijiko kwenye bakuli. Juu ya mchuzi ulielea uzi mweupe aliomshonea mbuzi miezi mitatu iliyopita, uzi ambao maabara yao kule Arusha iliahidi ungeyeyuka mwilini kwa wiki mbili.

"Kula, daktari," mama mwenye nyumba alimhimiza. "Ulipopiga simu kwamba unakuja Kikatiti kumwona yule mbuzi wa utafiti, tukaona tukuchinjie huyo huyo."

"Nilikuja kumchukua, mama. Wenzake wote walioshonwa kwa uzi huu wamekufa. Uzi wenyewe una sumu."

Mama aligeukia mlango wa chumbani. "Bakuli la kwanza nimempa mkwe wangu. Amejifungua juzi."

Nyuma ya mlango, kichanga kilichokuwa kikilia muda wote kilinyamaza. Kilikuwa kimepata ziwa.